Siku Ikifika

Zuweina, usisome haya mbele ya watu.

Leo skuli wametuhimiza wazazi tukague madaftari ya watoto. Nimerudi nikamhadithia bibi Mwanakhamis. Naye akanitolea kisa cha mwaka 61, baba yangu alipokuwa sekondari.

Asubuhi ile Mwanakhamis alikuwa akifagia, akaliokota daftari la mwanawe Shaame. Kizungu hajui, kasoma chuo cha Kurani tu. Basi akalifungua kama msahafu, kutoka kulia. Walimu hukagua kuanzia mbele, yeye akaangukia ukurasa wa mwisho kabisa!

Majina. Kumi na moja, kwa herufi za Kiarabu, yote ya majirani wa mtaani kwetu Jadida wasio wa chama cha kina Shaame. Juu yake kumeandikwa "Siku ikifika".

Shaame aliporudi akamuuliza, "Haya nini, mwanangu?"

"Kazi ya skuli, mama."

Kazi ya skuli! Wala hakupepesa jicho. "Kazi ya skuli, mama," kisha akaomba chakula.

Mwanakhamis akampakulia. Ule ukurasa akauchana, akautia motoni, asimwambie mtu yeyote. Miaka mitatu baadaye, Mapinduzi ya 64, siku ikafika kweli. Mwenye jina la kwanza akachukuliwa nyumbani kwake, hakurudi.

Na jina la kwanza, Zuweina, lilikuwa Thabit bin Zahran. Babu yako.

Baba yuko barazani sasa hivi. Ananiuliza naandikiana na nani.