Uzi Ulioutoa Kwenye Darubini

Shemeji yangu Mbwana,

Tangu tukuzike sijafika kaburini kwako. Watu wa Tongoni wanadhani nimezidiwa na msiba, nami nimewaacha wadhani hivyo. Kweli ni kwamba naogopa. Huko nitasema na wewe hutanijibu, na mimi, unavyonijua, nimependa mno kusema na watu wasionijibu.

Mkeo, dada yangu Mwanaidi, bado yumo edani. Anakula kidogo. Bunduki yako iko bomani mpaka mdogo wako Salehe apewe kibali, lakini ile darubini yake, uliyoipata pamoja nayo kwa mzungu wa mkonge alipofunga virago, ilibaki mvunguni, umeiviringisha kwenye shuka. Juma lililopita niliichukua. Nilitaka kuipeleka Chumbageni kwa fundi saa, aiondolee ukungu na kuurudisha ule uzi wa kulengea uliokatika, ili Salehe aikute nzima. Nilidhani natenda wema.

Mwanaidi akaniambia bila kuinua macho, "Usimwambie fundi kuwa uzi umekatika. Aliutoa mwenyewe, kwa sindano yangu ya kushonea kofia."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kawaulize wenzako barazani. Au jiulize wewe ulosema."

Nilikumbuka papo hapo. Ilikuwa baada ya alasiri, umetuletea paja la mbawala, na kwa furaha yako ukampa kila mtu achungulie darubini. Nami nikachungulia. Niliona ukungu, na katikati yake nyuzi mbili nyembamba zimepishana, pale unapolengea. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaandikia gazetini wenye mashamba ya mkonge, ulimi bado una moto, na watu wamekaa wanangoja niseme kitu. Nikasema, "Shemeji, bismillahi iko mdomoni na jicho umelitia msalabani! Nyama hii tuile au tuipeleke misheni?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Wewe ukajibu, "Kama huo ni msalaba, Shemeji, basi na dirisha lako lina msalaba. Mbona unalala?"

Lilikuwa jibu zuri. Lilitosha. Lakini mimi nishindwe na mwindaji, mbele ya watu? Nikakuporomoshea Kiarabu. Nikataja vitabu nilivyojua kuwa hakuna aliyevisoma pale, na katika vyote hivyo hakuna kimoja kinachosema neno juu ya darubini. Ukanyamaza. Nikahesabu nimeshinda.

Sikujua kuwa mzaha ule uliondoka na watu. Sikujua kuwa wapo walioanza kuikataa nyama yako kwa adabu, "Leo tuna samaki, Mbwana." Hukunilalamikia. Ulikuja tu siku moja ukanipa nichungulie tena. Uzi wa kulala haupo, umebaki ule wa kusimama. Ukasema, "Tazama, Shemeji. Imesilimu."

Nilicheka! Nikakupiga begani. Nilidhani uzee wa darubini umefanya kazi yake, na wewe umepata la kutaniana nami. Sikuuliza sasa utajuaje juu na chini.

Yule mbogo aliyekuwa akivunja mahindi ya watu risasi yako ilimpata chini mno, mguuni. Hukukubali kumwacha na jeraha, ukamfuata kichakani, na huko ndiko tulikokuokota. Mazishini mtu mmoja alininong'oneza kuwa macho yako yalikuwa yamechoka. Nikaitikia. Hata hilo, Shemeji, niliitikia.

Fundi ameuweka uzi wa pili, na kioo sasa ni safi. Jana nilimpa Salehe achungulie. Aliirudisha mikononi mwangu kama kaa la moto. "Kaka, utoe. Marehemu kafa na uzi mmoja, mimi niwe na mbili watu waseme?"

Nilimweleza. Kwa hoja, kwa mifano, mwisho kwa hasira. Nilimwambia uzi ule ndio ungekuokoa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Yale uliyasema mbele ya watu, Kaka. Haya unaniambia tuko wawili."

Kibali chake kiko karibu kutoka, na mbogo wengine wamo shambani. Ataingia porini na uzi mmoja kwa sababu yangu, kama wewe.

Nimebishana na maliwali, na mapadri, na wahariri wa magazeti. Sijawahi kulirudisha neno langu mbele ya watu hata siku moja. Kesho ni Ijumaa. Wakitoka msikitini nitakaa pale pale nilipokaa siku ile, na darubini mapajani, na Salehe nimemwomba awepo. Nitasema sikuwa na kitabu. Nitasema nilitaka kuchekesha, na jibu lako lilikuwa la haki, na wewe ukatoa uzi ili upate kula na watu kwa amani. Kila mtu achungulie tena, kisha nimkabidhi Salehe mbele yao. Wakinizomea, nitakaa nizomewe. Atakayetaka kunijibu anijibu.

Nilimweleza Mwanaidi. Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza. Alisema tu, "Usirefushe."

Sitarefusha, Shemeji. Nikimaliza, nitakuja kaburini. Mungu akurehemu, akulaze pema mpaka tuonane.

Shemeji yako,
Athumani