Kurasa za Kulia za Daftari la Pampu

Baba,

Anselmo, mwenzako wa kazini, alikuja Jeddah. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyemjua. Sisi hatukumwamini, na mpaka sasa sina hakika kama tulikosea.

Kwanza habari za kwetu. Nyumba ya kampuni kule Riyadh tuliirudisha wiki ya tatu baada ya maziko yako. Sasa tuko Jeddah, mtaa wa Ghulail, kwa Ami Bakari, vyumba viwili juu ya duka la mchele. Asubuhi Ami huenda Al-Rawdah kumwendesha madam wake, nami huenda shule. Ikama zetu, vibali vya kuishi huku, zilikuwa chini ya yako, kwa hiyo tumepewa muda hadi nimalize mitihani, kisha halas, tunarudi Tanga. Mama amepunguza chumvi kwenye mchuzi. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Siku ya kukuzika, Ami alisimama mbele ya wanaume akatangaza kama ilivyo desturi yetu, kwamba mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, na mwenye kusamehe asamehe. Anselmo alikuwa nje, karibu na viatu, kofia mkononi. Aliomba afasiriwe. Kisha akamfuata Ami na kumwambia, kwa kile Kiingereza chenu cha kazini, kwamba yeye ana haki. Ami akadhani ni fedha, akatoa kalamu. Anselmo akatikisa kichwa. "Daftari," akasema. "Maneno yaliyomo ni yangu."

Niliposimuliwa nilijua mara moja ni daftari lipi. Ni lile la jalada la kijani, uliloliandika kama madaftari yako yote ya pampu, ukurasa wa kushoto "Tatizo lililoripotiwa", wa kulia "Kilichokutwa". Ulinifundisha kwamba wa kulia haujazwi mpaka pampu ifunguliwe. Ulikuwa ukisema, "Mtu wa zamu usimlaumu wala usimsamehe kabla hujashika spana."

Mama alisema mtu anayetaka daftari la marehemu kabla udongo haujakauka, basi ndani yake mna jambo. Tukalificha chini ya nguo zangu za shule. Ami akamjibu kwa simu, mafi daftari, halikuonekana. Nami nikaanza kulisoma.

Kumbe wakati wa chakula cha mchana wewe na Anselmo mlikuwa mkiifungua nchi yake kama pampu. Kushoto uliandika, "Venezuela. Mafuta tele ardhini, watu kwenye foleni ya mkate tangu alfajiri." Kulia ulijaza polepole, leo wino mweusi, kesho wa buluu. Mafuta yalipokuwa na bei, mapinduzi yalipeleka zahanati kwenye vitongoji vya mlimani, na mama yake Anselmo akajifunza kusoma akiwa bibi wa miaka sitini. Hilo ulilipigia mstari. Kisha, nchi nzima imefungwa kwenye bomba moja. Kisha, kiongozi alizungumza kwenye televisheni Jumapili kutwa, watu wakampenda. Pembeni uliuliza, "Na nani alikuwa akikagua?" Kisha bei ikaanguka, noti zikakosa thamani, wageni wakaongeza vikwazo, na vijana wakavuka mpaka kwa miguu.

Darasani mwalimu alituuliza nini kiliiangusha Venezuela. Nusu ya darasa wakasema viongozi wake, nusu wakasema wageni na vikwazo vyao, kila upande ukijipigia makofi. Mimi nikasema sijui, nimefungua nusu tu. Tangu siku hiyo naitwa fundi bomba. Wanadhani ni matusi.

Halafu nikafika kwenye ukurasa ulioukunja kona.

Baada ya mgomo mkubwa, kampuni yao ya mafuta ilifukuza maelfu ya wafanyakazi. Orodha ya wa kufukuzwa ilipitishwa mkono kwa mkono. Anselmo, wakati huo kijana wa shati jekundu la wafuasi wa mapinduzi, alitia sahihi dhidi ya fundi aliyemfundisha kazi, mzee Eusebio, akapewa nafasi yake. Baadaye pampu ikaungua mikononi mwake, na aliyejua kuitengeneza alikuwa barabarani akiuza ndizi. Miaka ya dhiki ilipofika, Eusebio alikufa kwa kukosa dawa. Katika ukurasa huo umeliandika jina lake mara tatu.

Baba, unakumbuka alivyotusimulia yeye mwenyewe mezani kwetu Riyadh? Alisema yeye ndiye aliyefukuzwa, kwa sababu aliipinga serikali. Mama alimhurumia akamwongezea nyama kwenye pilau. Nilipomsomea ukurasa ule alisema, "Ile nyama airudishe."

Na wewe ulikuwa umekaa palepale, unatafuna, unajua yote.

Ijumaa iliyopita alibisha hodi. Alikuwa ametoka Riyadh kwa basi, saa kumi na mbili njiani, na alikuwa amezeeka kuliko nilivyomkumbuka. Alikaa kwenye ukingo wa kochi la Ami, akasema anajua daftari tunalo. Mama aliniambia kwa Kiswahili, mbele yake, "Atalichoma huyu. Anaficha aibu yake." Hata mimi niliona hivyo. Nikamwuliza anataka kulifanyia nini.

Alisema binti yake Eusebio yuko Peru, amempata kwenye simu, na anauliza baba yake alipotezaje kazi. Kisha akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema, "Baba yako nilimwambia ukweli, mara moja tu. Tangu hapo nimesimulia vingine mara nyingi, hata sijui nianzie wapi."

"Maneno matamu," Mama akasema. "Hata mwongo hulia."

Sikumpa daftari. Nililiweka mapajani, nikamsomea kwa Kiingereza sentensi moja moja, naye akaandika kwa lugha yake kwenye karatasi aliyokuja nayo. Kihispania sikijui. Angeweza kuandika anachotaka, na nadhani alilitegemea hilo. Lakini jina la mtu halibadiliki. Alipomaliza niliomba karatasi, nikahesabu. Kwako Eusebio yupo mara tatu. Kwake, mara mbili.

Nikamgeuzia daftari, nikaweka kidole juu ya Eusebio wa tatu, pale pa sahihi. Hajui Kiswahili, ila jina lile analijua. Ami alizima feni. Anselmo aliangalia kidole changu, akaangalia mwandiko wako, akachukua kalamu, akaongeza mstari mmoja. Mfupi. Kisha akatia sahihi chini yake, na sikumwomba.

Je, ameituma? Sijui. Huenda aliichana ndani ya basi kabla hata ya kufika Taif. Mama alimfungia maandazi, akaniagiza nimwambie ni kwa ajili ya urefu wa njia, si kwa ajili yake. Haki yake tumempa. Daftari limebaki kwetu.

Baba, kuna jambo moja zaidi. Nilifika ukurasa wa mwisho.

Kushoto umeandika, "Kifua kubana. Nikipanda ngazi ya pili." Kulia hakuna kitu. Sisi ulituambia ni gesi, ukaomba maji ya tangawizi, na mimi ndiye niliyekuletea. Mtu wa nchi ya mbali ulimwuliza maswali miezi minane, na sisi hukutuachia nafasi ya kukuuliza hata moja. Nilikukasirikia. Bado kidogo. Nikaapa Mama asiuone ukurasa huo, nikaubana kwa pini.

Kisha nikakumbuka chumvi aliyoipunguza, kama wanavyoagizwa wenye ugonjwa wa moyo.

Ameuona. Ameuona zamani, naye anadhani mimi sijauona.

Pumzika, Baba yangu, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Daftari litarudi Tanga mkononi mwangu, si ndani ya begi. Ule upande wa kulia sitaujaza, kwa sababu sikufungua nikaona. Ila nakuahidi hili. Tangu asubuhi Mama anajikanda bega, nami nilipomwuliza alisema ni uchovu tu. Naweka kalamu chini, naenda kumwuliza mara ya pili.

Binti yako,
Zuhura