Teru Chini ya Kage

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa kumi

Mjumbe wa bwana mkubwa Teruhira kafika, viatu tope tupu, mdomo asali. Mkuu wake kasikia kwamba kesho mwanangu Kikumaru ananyolewa utosi na kupewa jina la utu uzima. Basi anamzawadia nusu ya jina lake — Teru. Heshima kubwa! Nani kaiomba? Ukipokea, umekuwa mtu wake. Ukikataa, vita. Nimeinama, nimeshukuru. Nimeyakaza meno mpaka taya linaniuma.

Jumanne, tarehe 5

Kanyolewa. Kavikwa kofia. Wote walijua ataitwa Terukage: Teru ya mkubwa juu, Kage, nusu ya jina langu, chini. Ndivyo inavyoandikwa nchi nzima, kutoka juu kushuka chini, mkubwa kwanza. Nikashika brashi. Nikaandika Kage. Chini yake, Teru.

Kageteru! Mjumbe akauliza kwa upole kama mkono umeteleza kwa uzee. Nikamwambia mkono mzima, asome vizuri. Kaondoka bila kugusa kikombe chake cha sake.

Mke wangu Osen akanisemesha wakati wa chakula: "Mzee, umemkalia mtu kichwani kwa jina la mwanangu. Ungetumia lako."

Nikala figili zangu.

Alhamisi, tarehe 14

Watu wa Teruhira wamekuja. Bonde zima bendera. Vizuri! Ngome hii baba aliijenga kwa mawe, si kwa kuinamiainamia watu. Nonaka, mshauri wangu, anataka niseme nilikosea, tuliandike jina upya, watu wanywe uji wao kwa amani. Nimemfukuza. Askari wangu ni wachache, najua. Sijuti.

Ijumaa, tarehe 15

Mjumbe yule yule, langoni. Hataki kuongea na mimi. Anamtaka kijana mwenyewe apande mnarani, ataje jina lake mbele ya jeshi. Likianza na Teru, wanarudi kwao. Likianza na Kage, wanatuchoma moto.

Mwanangu akaniuliza aseme nini. Nikafungua mdomo kuamuru. Osen akanitazama tu. Nikaufunga.

"Jina ni lako," nikamwambia. "Sema utakaloweza kulibeba."

Anapanda sasa. Kofia yangu ya chuma inamfika puani. Naandika nimesimama dirishani, Osen kaning'ang'ania mkono wa joho. Naogopa. Maisha yangu yote sikusubiri ruhusa ya mtu, na leo nasubiri neno la mtoto kama mshtakiwa.

Kafika juu. Mjumbe anapaza sauti: "Unaitwa nani, kijana?"

Anaivua kofia. Anavuta pumzi —