Kuvua Suruali Mbele ya Dresa

Rongai, Nakuru, Jumanne jioni, Julai 1956

Leo hospitalini sikuogopa hata kidogo.

Uongo. Dresa, yule mfunga vidonda, aliposema, "Vua suruali, mzee," nilikamata mkanda kwa mikono yote miwili. Jipu liko juu kabisa pajani, na mama yangu alinizaa msichana. Uanaume nimeuishi mwenyewe, miaka arobaini sasa.

"Mjukuu wangu, usipige kelele," nikamwambia, nikavua.

Akatazama. Akavuta pazia, walio kwenye foleni wasione. Akatumbua jipu, akaandika kwenye kadi: mwanamume, mkaidi.

"Rudi Ijumaa tubadilishe bandeji, mzee."

Nikimkuta mwingine, mwenye maneno mengi, Rongai nzima itajua kabla sijafika nyumbani.

Mungu, nilikubebea mawe ya kanisa kule Dundori bila kuomba kitu. Sasa naomba. Ijumaa awe dresa huyo huyo.