Fomu Mbili, Kadi Moja

Gurei, Juba,
24 Februari 2017

Mpendwa dada Suzan,

U mzima huko Kampala? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua, tunashukuru. Haboba Teresina, bibi yetu, bado anasumbuliwa na goti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Barua hii anakuja nayo Lagu, jirani yetu anayeuza vitunguu. Anangoja tu msafara wenye askari, maana barabara ya Nimule si ya kwenda peke yako siku hizi.

Unga pale sokoni Konyo Konyo umepanda tena, hata tumeacha kuuliza bei. Tunakula tunachopata.

Picha yako ya joho ilifika. Haboba ameitundika juu ya redio, na mgeni akiingia, kabla hajapewa maji, anaambiwa huyu ni wa jamia. Kwake chuo kikuu ni jamia, na nje ya jamia hakuna masomo. Nikipita na sare yangu ya ukunga, anamwambia mgeni kwamba huyu naye anasoma-soma. Miaka mitatu ya chuo, na mtihani wa taifa nimeufaulu, lakini bado nasoma-soma.

Watu wa hapa wana ngazi yao, dada. Juu kabisa ni jamia. Inafuata seminari, kwa sababu padri anaogopwa, halafu chuo cha ualimu. Sisi wa vyuo vya afya tunakumbukwa uchungu ukianza. Hata ile kolej ya kompyuta ya vyumba viwili pale Hai Cinema inatupita, kisa wanafunzi wake wanavaa tai. Chini kabisa yuko kaka yetu Mogga na chuo chake cha ufundi. Yeye anacheka tu, na nusu ya milango ya chuma ya mtaa huu ameichomelea yeye. Mimi sina moyo wa namna hiyo.

Julai iliyopita, risasi zilipolia, walimu wa jamia walitawanyika na madarasa yakafungwa. Mimi nilizalisha wanawake wanne sakafuni, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa wembe mpya na maji ya kuchemsha. Mtoto mmoja wamempa jina langu, Kiden. Haboba alisema tu, "Vizuri," kisha akaanza kuipangusa picha yako vumbi.

Sasa fomu yako. Umeniomba niipeleke ofisi ya parokia kabla ya Kwaresima, ili padri akuandikie barua ya ufadhili wa shahada ya pili. Ukaongeza kwamba chuo changu mimi hakina mambo hayo. Hapo ulinichoma. Mkunga mwenye diploma anaweza kuendelea mpaka digrii, na fomu yangu niliijaza tangu Krismasi, nikaificha ndani ya Biblia.

Sheria ya parokia unaijua: kadi moja ya familia, barua moja kila awamu ya ufadhili. Na sisi wawili tuko kwenye kadi moja tangu baba yako, baba mkubwa Pitia, alipotuandikisha pamoja tuliporudi kutoka Uganda. Mara ya kwanza barua ilikuwa yako, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Karani Albino pia unamjua, hapendi kusumbua kichwa. Kadi moja ikileta karatasi mbili, anashughulikia ya juu, ya chini anairudisha.

Nimekaa na fomu yako wiki tatu. Siku moja niliishika karibu na jiko, sikufichi. Nina wivu, Suzan. Nakuonea wivu joho, nakuonea wivu hata msumari ulioshika picha. Halafu nilikumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni tukivuka maji kwenda shule kule Koboko, nikaona aibu, nikaondoka jikoni.

Leo asubuhi nimezipeleka zote mbili, nimezibana kwa pini moja. Albino alizipokea bila kuniangalia.

Haboba, Mogga na baba mkubwa wanakusalimu sana. Nisalimie shangazi Santina na mtoto wake Yangi, mwambie shangazi nimeota Yangi anatembea. Mungu akulinde huko uliko, usipungukiwe na kitu, na moyo wako usinichukie.

Ukitaka kujua ipi iko juu, ni yangu.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Kiden