Chupa Tuliyoificha Jikoni Watafiti wa Cheti Wasiione

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lipo kwenye jalada. Kijijini anajulikana kama Mama Fomu
Jinsi: Mwanamke
Umri: Miaka 47
Kazi: Mkaguzi wa ndani, chama cha wakulima wa kahawa
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka mashine ya kumenya kahawa
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake, tumbo moja
Tarehe na saa: 19 mwezi wa tisa, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Akili zangu ni timamu, ingawa usingizi wa maana sijaupata tangu tarehe 11. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo sheria itanishika. Nimemwambia sawa. Uongo nimeuandika miaka tisa, nimeuchoka.

Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Chama chetu kina wakulima 418 na tuna cheti cha kilimo kinachotunza mazingira. Mwenye cheti hatakiwi kutumia dawa zilizopigwa marufuku, hatakiwi kukata miti kandokando ya mto, na mengine mengi, kurasa kumi na moja. Wakaguzi wa nje huja mara moja kwa mwaka. Mimi huwatangulia, nikaulize maswali yale yale, nirekebishe panapovuja. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba ipo siku nitamtaka asaini kabla sijampakulia chakula.

Afande ameuliza kama cheti ni utapeli. Sitasema hivyo. Zamani maji machafu ya kuoshea kahawa yalikwenda moja kwa moja mtoni na watoto walikuwa wakitoka vipele. Cheti kilipokuja tulichimba mashimo ya kuyachuja, na mtoni sasa unaona mawe chini. Miti ya kivuli ipo, nenda ukaitazame. Hayo ni ya kweli, uyaandike. Lakini kuna kurasa nyingine kwenye ile fomu ambazo ni kweli siku ya ukaguzi tu.

Kuna dawa ya wadudu tunaiita kiboko. Imepigwa marufuku. Wadudu wanaotoboa mashina ya mibuni hawasikii kitu kingine. Cheti kinasema usugue kila shina kwa brashi, utoe mayai kwa mkono. Mwenye mibuni mia nane na mgongo mmoja atasugua mpaka lini? Basi watu wananunua kiboko kimyakimya. Siku moja kabla ya ukaguzi, kila mwenye nacho hukivusha ng'ambo ya bonde, kwa majirani ambao hawamo kwenye chama na hawakaguliwi. Tunaita kumpeleka mgeni. Nikipita na fomu zangu nauliza, "Mgeni ameshaondoka?" Wakisema ameondoka, naandika hakuna dawa haramu. Wakaguzi wakishapanda gari, mgeni anarudi nyumbani. Nasema haya nikijua ninasema nini.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa 8 mchana, kulikuwa na mkutano kwenye ghala la chama. Mwenyekiti alimleta mtafiti, dada mmoja mpole mwenye miwani. Yule mtafiti alisema, "Sisi si wakaguzi. Hatutoi cheti wala hatukinyang'anyi. Tunataka kujua tu kama kimewasaidia ninyi na ardhi yenu. Msiogope kusema ukweli." Alisema majina hayataandikwa. Alirudia mara tatu. Watu walipiga makofi, na hakuna aliyemwamini. Mimi pia sikumwamini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka juzi lilionekana kopo moja tu la kiboko kwenye nyumba moja, cheti kikasimamishwa msimu mzima, na yule mzee mpaka leo anaitwa Bwana Kopo, hata kwenye msiba anakaa peke yake.

Tarehe 9 nilipewa orodha. Nyumba sitini za upande wetu wenye cheti, na nyumba sitini za ng'ambo ya bonde wasio na cheti, ili walinganishwe nani anaishi vizuri zaidi. Niliajiriwa siku hizo kuwaongoza watafiti na kujaza majibu. Nyumba ya kaka yangu ilikuwa namba nne.

Tarehe 10, saa 5 asubuhi, kaka yangu alikuja kwangu amebeba mfuko. Alikuwa ametoka ng'ambo kwa fundi baiskeli, ambaye ndiye humtunzia mgeni wake kila mwaka. Fundi alikuwa amemkatalia. Alimwambia, "Safari hii wanakuja hata kwangu, bwana. Mimi nitakificha wapi?" Kaka alikuwa anatoka jasho. Aliniuliza, "Dada, sasa nifanyeje?"

Nilimwambia twende kwake. Tulifika kama saa 5 na nusu. Wifi yangu, yaani mkewe, alikuwa amekwenda kusaga. Niliingia jikoni nikatazama. Wifi ana kifua, afande. Alikuwa nacho. Hununua dawa ya kikohozi ya maji, chupa za kahawia, na zikiisha huziosha na kuzipanga kwenye ubao juu ya meko. Siku hiyo zilikuwepo tano, moja ina dawa nusu. Nilichukua tupu moja, nikamimina kiboko ndani kwa mkono wangu, nikafunga kifuniko, nikairudisha mstari wa nyuma. Rangi yake ni ile ile ya dawa ya kikohozi. Nilimwambia kaka, "Jikoni hawaingii. Na wakiingia, nani atanusa dawa ya kifua?" Nilijiona mwerevu kweli. Kopo lenyewe tulilitumbukiza chooni.

Kaka aliuliza, "Na mama watoto tumwambieje?" Nilimjibu, "Usimwambie leo. Mwambie kesho wakishaondoka." Nilisema hivyo kwa sababu nilijua wifi atakataa. Siku mbili nyuma, tarehe 8, walikuwa wamegombana mpaka majirani wakasikia. Wifi alilitupa nje bomba la kupulizia akasema, "Ukiingiza sumu hiyo ndani, mimi na wewe hatulali nyumba moja." Majirani wamewapa polisi maneno hayo, na ni kweli aliyasema. Lakini hakuwa akimwogopa mumewe. Alikuwa akikiogopa kiboko kwa sababu ya kifua chake. Kugombana kwao kulikuwa kwa kelele tu, jioni utawakuta wanapukuchua mahindi pamoja wanachekana.

Tarehe 11, saa 3 na dakika 20 asubuhi, nilifika pale na mtafiti. Kaka alikuwa shambani. Wifi alitukaribisha uani. Alikuwa na mafua ya wiki nzima, pua imeziba. Alimwambia mtafiti, "Nisamehe mwanangu, hata nikiunguza mboga sisikii harufu, mpaka watu wasusie kula." Mtafiti alicheka.

Mahojiano yalichukua saa mbili. Mtafiti aliuliza, mimi nikaandika. Alipouliza kama cheti kimebadilisha maisha yao, wifi alisema, "Nimekiona ukutani ofisini, mama. Kwenye sufuria bado sijakiona." Halafu akasema mto umekuwa safi, hilo hakatai, na kwamba siku hizi mgongo wa mumewe unauma zaidi na wamekuwa wepesi wa kujibu maswali. Mtafiti alisema, "Hayo ndiyo ninayoyataka." Mimi niliandika, "Ameridhika." Alipouliza kama kuna sumu inayohifadhiwa ndani ya nyumba, wifi alijibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Niliandika hapana. Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka ile chupa.

Tuliondoka saa 5 na nusu kwenda nyumba namba tano. Wifi alikuwa anakohoa alipotuaga, kuongea kulikuwa kumemkausha koo. Nilitaka kurudi nimwambie. Mtafiti alikuwa amesimama njiani ananisubiri, nikasema nitapita jioni.

Saa 6 na dakika 50 mchana binti wa jirani alinipigia simu, wifi yako ameanguka. Nilikimbia. Nilimkuta sakafuni jikoni anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni, kijiko chini. Ile chupa ilikuwa mezani, wazi. Yenye dawa nusu ilikuwa pembeni yake, imeisha. Alikuwa ameimaliza, akafungua nyingine aliyoiona ina kitu, labda akidhani amesahau kuwa anayo. Pua imeziba, angejuaje? Nilimwita, "Wifi, wifi yangu." Macho yalikuwa wazi lakini hakuniona.

Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, tukafika kituo cha afya saa 7 na dakika 25. Daktari aliuliza amekunywa nini. Nilimtajia kiboko, sikumficha, maana ilikuwa roho ya mtu. Akauliza imetoka wapi. Nilisema sijui. Hapo ndipo nilipoanza kumfunga kaka yangu.

Alasiri ile polisi walikwenda nyumbani. Sikuwepo, nilisimuliwa. Walimwuliza kaka kama ana sumu ya wadudu nyumbani. Chupa imewekwa mbele yake juu ya meza. Akajibu, "Hatuna sumu hapa. Sisi tuna cheti." Mmeichukua kuwa dalili ya hatia. Afande, hilo ni jibu nililomfundisha mimi. Miaka tisa kila anayekuja na kalamu anajibiwa hivyo, yeye na wengine wote. Ungemwamsha usingizini angelisema. Kisha akanyamaza, na mpaka leo hajanitaja. Anamlinda dada yake.

Wifi alifariki tarehe 13 alfajiri. Tulimzika tarehe 15, kaka akiwa mahabusu kwenu.

Tarehe 16, saa 10 jioni, Mwenyekiti alikuja kwangu. Si mtu mbaya, na alilia kweli. Alisema, "Dada yangu, wakaguzi wanakuja tarehe 30 kuongeza muda wa cheti. Ukisema sasa, watu 418 wanakosa soko. Subiri wiki mbili. Kaka yako hatakufa kwa wiki mbili." Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri siku mbili. Mama yangu ana miaka themanini na haoni vizuri. Jana alinishika mkono akaniuliza, "Hivi kweli nimezaa muuaji?" Asubuhi hii nikavaa viatu.

Kaka yangu hakumuua mkewe. Chupa niliichagua mimi, niliimimina mimi, na kunyamaza niliagiza mimi. Yeye kosa lake ni kununua dawa haramu, kama tulivyonunua wengi, na kunisikiliza dadake. Mtafiti naye hana kosa lolote. Alikuja kuuliza kama cheti kinatusaidia, na wifi yangu alimjibu vizuri kuliko sisi wote. Naomba fomu ya nyumba namba nne itafutwe, neno "Ameridhika" lifutwe, yaandikwe maneno yake. Na cheti kikienda, kiende. Kuna watu watanilaani na wana haki yao. Nimechoka, afande. Hapo uandike vile vile nilivyosema, usinipambie.

Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa maelezo yangu nikayasikia, nami natia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi kwa sauti. Alisahihisha muda mmoja tu, wa kufika kituo cha afya. Nilimweleza kwamba kwa maneno haya yeye si shahidi tena, na kwamba anaweza kutafuta wakili kabla ya kuendelea. Alisema anaelewa. Kazi ya kuandika maelezo yake ya onyo, kama mtuhumiwa, imekabidhiwa kwa ofisa mwingine. Amewekwa mahabusu ya wanawake saa 7:05 mchana.

Mtuhumiwa wa kwanza ameachiwa kwa dhamana saa 9:40 alasiri. Alipita mbele ya mlango wa mahabusu ya wanawake akamwona dada yake. Nilisimama karibu kwa tahadhari. Hawakugombana. Alimwuliza jambo moja tu, kaburi wamelichimba upande gani wa shamba. Dada alimweleza, na yeye akaondoka kwa miguu.

Sahihi ya ofisa: (ametia sahihi)