Mlezi Hakuinuka Kutusalimia

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijakosana kabisa na mama mkwe, maana siku hizi tunapeana chai bila kusemeshana. Mimi ni mshonaji wa mapazia, nina binti wa mwaka mmoja na nusu, na mama mkwe aliyekuwa akimlea nikiwa kazini anarudi kwake kwa sababu magoti yamegoma kumkimbiza mtoto, basi tukatoka wawili kutafuta kituo cha kulelea watoto, tumevaa nguo za kutokea, na mtoto tukamwacha kwa jirani asituchafue. Kituo cha kwanza, mshauri wangu, tulipokewa kifalme, mwenye kituo alitusubiri getini, akamwamkia mama kwa adabu zote, akatukalisha kwenye makochi na kutuletea juisi baridi, ila watoto hatukuwaona kwa kuwa alisema wamelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Cha pili tulikuta mlango wazi, kelele mpaka barabarani, midoli imezagaa, na mlezi kakaa mkekani akimlisha mtoto, akatuambia tu, "Karibuni mama zangu, samahanini siinuki, huyu tangu asubuhi amekataa kula, ndiyo kwanza amefungua mdomo," akaendelea na kijiko chake! Mama mkwe akageuka palepale. "Asiyejua kumheshimu mtu mzima atamfundisha nini mjukuu wangu?" Mimi nikamfuata, lakini moyo wangu umebaki kule kwenye kelele, na mume wangu, dereva wa lori, nikimpigia simu anasema tuamue wenyewe, na fundi mkuu kasema Jumatatu nisipoonekana cherehani yangu ataikalia mwingine. Nifanyeje?

Mama Binti, njia panda

Mama Binti, pole sana, na sasa nikuseme kidogo. Mlikwenda kutafuta mlezi au mlikwenda kuposa? Mmevaa mkapendeza, mmekunywa juisi, na mwenye shughuli yake mkamwacha kwa jirani! Binti yako hatakaa kwenye makochi yale hata siku moja. Atakaa huko ndani ambako hamkufunguliwa mlango, pamoja na watoto wanaolala wote kwa mpigo saa nne asubuhi. Huenda ni watu wazuri, lakini hukuona, kwa hiyo hujui.

Yule wa kijiko hakuwadharau. Alikuwa na mtoto wa mwenzio aliyegoma kula, hakutaka kumkatisha ili apate sifa kwenu. Kesho mtoto huyo atakuwa wako. Ungependa ainuke?

Hata hivyo, usiamue kwa moyo peke yake. Mlango ule wazi karibu na barabara umenitia wasiwasi, uliza nani huufunga. Nenda bila taarifa, na safari hii umbebe binti. Kagua choo na maji, uliza kila mlezi ana watoto wangapi na nani anaruhusiwa kuwachukua, kisha kaa kimya pembeni utazame. Cha kwanza nacho kipe nafasi hiyohiyo. Wakikukatalia kuingia ndani, washukuru kwa juisi uondoke.

Mama mkwe usimkwepe. Amemlea mjukuu mpaka magoti yamechoka, anaumia kumwacha mikononi mwa mtu baki, na uchungu wake umeangukia kwenye salamu. Mwende pamoja, umwache yeye ndiye amweleze mlezi mtoto hubembelezwaje na hulia akitaka nini. Hakuna anayejua zaidi yake, naye atafurahi kuulizwa.

Fundi mkuu umwombe leo, si Jumatatu, akuruhusu nusu siku kwa wiki ya kwanza ili mtoto azoee. Muage binti yako waziwazi, usimtoroke. Atalia, nawe utalia, na mapazia yatashonwa hivyohivyo. Halafu jioni moja utakwenda kumchukua, atakuona, atacheka, kisha atajificha nyuma ya mlezi akikataa kwenda nyumbani. Usinune, mwanangu. Siku hiyo ujue umepata.